Tulivyompeleka Mama Kuona Theluji

Mwalimu wetu wa hesabu ametundika kalenda mpya kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, hapa Bariadi, mkabala kabisa na meza yangu. Picha ni moja kwa miezi yote: Mlima Kilimanjaro asubuhi, theluji inang'aa kileleni, migomba ya kijani chini yake, na anga lisilo na hata wingu. Siku ya kwanza niliigeuza ikatazama ukuta. Siku ya pili nikaikuta imegeuzwa tena. Siku ya tatu mwenye kalenda akanivizia.

"Mwalimu Kabula, mlima umekukosea nini?"

"Unanitia kinyaa."

Ofisi nzima ikacheka. Mmoja akasema watu wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuuona, halafu mimi niliyekulia kwenye pamba na vumbi ndiyo nauonea kinyaa. Nikacheka nao, maana ukitaka kuachwa kwa amani kwenye ofisi ya walimu, cheka. Lakini nilikuwa nasema kweli. Wengine wakiiona ile theluji wanaona usafi. Mimi nasikia harufu ya samli iliyovuja ndani ya gari lililopigwa na jua, damu ya mbuzi inayochemka, na maziwa yaliyokaukia kwenye gauni la mama yangu. Mate yananijaa mdomoni, hata kama nimetoka kula.

Nyie wa rika langu, mliosafiri utotoni mkiwa mmekaa juu ya mizigo, mmeshikishwa limao mnuse ili msitapike, mtanielewa nikianzia garini. Lilikuwa gari dogo jeupe, baba alikuwa ameliazima kwa rafiki yake, na viti vyake vilikuwa bado vimevishwa plastiki. Tulikuwa wanne. Baba, mtumishi wa serikali aliyetoka Kilimanjaro na kuletwa kwetu kikazi akiwa kijana. Mama, Milembe, binti wa mfugaji wa Shishiyu, ambaye baba alimkuta kwa shangazi yake pale Nyalikungu akajisahau kurudi kwao. Mimi, miaka tisa, mwingi wa maneno. Na mdogo wangu Masunga, aliyekuwa ameanza tu kusimama kwa kushika vitu, na ambaye chakula chake kikuu kilikuwa bado ni ziwa la mama.

Aliyeitaka zaidi ile safari alikuwa mama. Miaka yote baba alikuwa anatusimulia mlima wa kwao wenye maji magumu juu, meupe, yasiyoyeyuka hata jua likiwaka, na mama alikuwa anacheka na kuuliza, "Sasa ng'ombe wa huko wanakunywa nini? Wanalamba?" Lakini alikuwa anataka kuyaona. Alitaka pia kuwaona wakwe zake, ambao kwa miaka kumi alikuwa anawasikia tu wakisemeshwa kwenye simu, baba akiwa ametoka nje, kwa lugha ambayo sisi hatukuijua. Kwa hiyo Desemba ile aliposikia tunakwenda, alirudi Shishiyu kwao akakaa wiki tatu akitikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka akapata galoni zima la samli ya kumpelekea mama mkwe.

Galoni lilianza kuvuja kabla ya Shinyanga. Kufika Nzega, plastiki ya viti ilikuwa inateleza, na harufu ilikuwa imeingia kwenye nywele. Masunga alicheua maziwa begani kwa mama. Mimi nikaangalia yale maziwa yanavyoteremka, nikatapika kwenye mapaja yangu mwenyewe. Baba aliendesha huku ametoa kichwa dirishani.

"Gari la watu linanuka zizi," alisema.

"Zizi unalijua, baba Kabula," mama akamjibu. "Maziwa yake umeyanywa miaka kumi hujalalamika."

Alikuwa na furaha bado. Nakumbuka hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho kumsikia akimtania baba.

Tulilala Singida. Kesho yake, tulipoipita Babati na hewa ikaanza kupoa, baba alisimamisha gari pembeni akaniita nje peke yangu. Alichuchumaa mbele yangu. Baba hakuwa mtu wa kuchuchumaa.

"Kabula, tukifika nyumbani kwetu, mama yako utamwita dada Milembe. Ni dada wa kazi. Umenielewa?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Na mtu akikuuliza habari za mama yako, mwache baba ajibu. Wewe mkubwa sasa, unaweza kutunza siri."

Niligeuka kumwangalia mama. Alikuwa amekaa garini, mlango wazi, anamnyonyesha Masunga. Alikuwa anajua, walishazungumza wao, mimi ndiye nilikuwa nafikishiwa mwisho. "Ni siku nne tu," aliniambia niliporudi kukaa. "Mpaka baba yako aongee na wazee wake vizuri. Hawajazoea watu wa mbali." Kisha akaufunga ule mlango polepole, kama mtu anayehofia kumwamsha mtoto, na mtoto alikuwa macho.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa akili zangu zote. Mimi sikushangaa kama ambavyo mtoto wa mahali pengine angeshangaa. Kwa babu yangu mzaa mama, guku wa Shishiyu, kitu kizuri kilikuwa kinafichwa. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Mtoto mnene haambiwi ni mnene. Guku alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe mwenye madoa, anayejaza ndoo peke yake, na siku alipokuja mgeni mwenye macho ya kutamani, akaulizia yule ng'ombe, guku alitema mate chini akasema, "Huyo? Huyo ameisha. Anaumwa, hafiki keshokutwa." Mgeni alipoondoka nikamuuliza guku kama ni kweli. Akanibana pua kwa vidole vyake vyenye tumbaku. "Ukimpenda ng'ombe wako, mseme vibaya," alisema. "Jicho la mtu lisije likamuua."

Basi mtoto wa miaka tisa akaunganisha. Baba anampenda mama sana. Huko mlimani kuna macho. Tunakwenda kumficha. Nilikaa kiti cha nyuma nikiwa nimevimba kwa fahari, na nikaapa kwamba hakuna mtu wa mlimani atakayemjua mama yangu kupitia kwangu.

Mlima wenyewe haukuonekana siku ile. Tulifika Moshi baba akinyoosha kidole kwenye mawingu, "Uko hapo, umejifunika," na mama akiinama kuchungulia juu kupitia kioo cha mbele mpaka shingo ikamuuma. Tukapanda barabara ya udongo mwekundu kati ya migomba na mibuni, mvua nyepesi, kila kitu kibichi, kinadondoka maji. Kwa mtu wa kwetu, ambako ukisimama kwenye mbuga unamwona mtu anayekuja tangu akiwa kidoa, ile migomba ilikuwa inasonga. Hata harufu yake ilikuwa nzito, ya majani yaliyooza na pombe ya ndizi inayochachuka mahali fulani usipopaona.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amesimama uani na shangazi, dada yake baba. Gari halijazima vizuri, bibi alishafungua mlango wa nyuma akanivuta kifuani.

"Yatima wangu!" alilia. "Yesu na Maria, yatima wangu, poleni na mama!"

Mimi sikulijua vizuri neno yatima likikaa juu yangu. Mama alilijua. Alikuwa ameshuka upande wa pili, Masunga mgongoni, galoni la samli mkononi, na nilimwona akisimama pale, haweki galoni chini, hasogei. Alimtazama baba. Baba alikuwa amejiinamisha kwenye buti la gari, anatoa mizigo ambayo haikuhitaji mtu kuinama vile.

Hilo baba hakuwa amemwambia. Wao walikubaliana dada wa kazi. Kwamba kwenye simu, kwa miezi mingi, alikuwa ameshamuua, kwamba alisema mke wake amefia kwenye uzazi wa Masunga, hilo mama alilipata uani, mbele ya watu, na kinyesi cha mtoto kinamlowanisha mgongo. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba wazazi wake walikuwa wanamsumbua amlete huyo mwanamke wake wafunge ndoa kanisani, na yeye alikuwa anamwonea haya binti wa wachunga ng'ombe aliyeishia darasa la saba. Akaona maiti haina shida: haivalishwi shela wala haioni aibu. Nikilifikiria hilo ninatema mate hata kama niko kwenye sakafu yangu mwenyewe.

Mama aliweka galoni chini. Akapiga magoti mawili kwenye kokoto zilizolowa, akainamisha kichwa, akamwamkia bibi vile anavyoamkia mkwe kwetu, hanyanyuki mpaka aitikiwe.

"Ona," shangazi akamwambia bibi. "Wadada wa kazi wa huko wana adabu. Huku tungeipata wapi hii."

Bibi akamwitikia, akamnyanyua kwa mkono, akamfungua Masunga mgongoni akamchukua. "Wewe nenda jikoni dada, ukajipashe moto. Mtoto nitamlea mimi." Mama akaenda jikoni.

Siku zilizofuata nilikuwa mtoto anayependwa kuliko wote niliowahi kuwaona. Yatima anapewa. Nilipewa soda, nikapewa sweta, nikapewa kiti karibu na wanaume wakati mbuzi anachinjwa, na bakuli langu mwenyewe la kisusio, ile supu ya damu, yenye mabonge meusi yanayotetemeka ukigusa bakuli. Niliinywa kwa sababu wote walikuwa wananiangalia kwa huruma. Ilikuwa na joto na ladha ya chuma, na bonge moja likanigandia kooni. Dada Milembe alikuwa ndiye anayekuja kukusanya mabakuli.

Nami nikalinda siri. Nililinda kupita nilivyotumwa. Shangazi aliniuliza mama yangu alikuwaje, na baba hakuwepo pale kujibu; nikakumbuka ng'ombe wa guku. Nikasema mama alikuwa mbaya. Mweusi, mnene, ana hasira, hajui kupika. Shangazi akaziba mdomo kwa mkono. Bibi akaniuliza kwa upole alizikwa wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nikamzika. Nilishawahi kuona mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wetu, nikayachukua yote. Nikasema tulimzika Shishiyu, karibu na zizi, akiwa amefungwa kwenye ngozi mbichi ya ng'ombe mweusi, damu bado inavuja, mainzi wengi, na kwamba mimi nilitupa udongo kwa mkono wa kushoto halafu tukala nyama.

"Kwenye ngozi?" bibi alisema. "Hakuna hata sanduku?"

"Hakuna. Miguu ilitokeza."

Hiyo ya miguu niliitunga pale pale. Nilikuwa naipenda. Nilipoinua macho nikamkuta dada Milembe mlangoni na birika la chai. Nikamkonyeza, ili ajue kwamba kazi inakwenda vizuri.

Alimimina chai. Alimimina ya kila mtu, na ninaomba msiniambie kwamba huo ni ujasiri. Siku hizi mimi pia ni mama, na nikikumbuka vile vikombe vinavyojazwa kimoja baada ya kingine bila tone kumwagika, ninajiona mchafu kwa namna ambayo kuoga hakusaidii.

Masunga akawa analala na bibi, anapewa uji na maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Siku ya kwanza mama alifanikiwa kumwiba mara mbili. Siku ya pili mara moja, kwa sababu shangazi alianza kumwambia asimzoeze mtoto kubebwa. Siku ya tatu hakumpata kabisa. Niliagizwa nikamwite dada aje aoshe vyombo, nikamtafuta, nikamkuta nyuma ya jiko, katikati ya migomba. Alikuwa amefungua gauni, anajikamua. Maziwa yalikuwa yanaruka kwenye shina la mgomba na kuteremka hadi kwenye udongo mweusi, na siafu walishaanza kuyafuata. Kifua chake kilikuwa kigumu, kina mishipa, kinang'aa. Gauni lilikuwa na duara mbili zilizokauka zikawa ngumu, zinanuka kama kibuyu cha maziwa ambacho hakikufukizwa moshi.

"Unanuka," nilimwambia.

Aliendelea kukamua, macho yake juu kwenye majani ya migomba.

"Wanakuita ukaoshe vyombo, dada."

Tulikuwa wawili tu pale. Hakukuwa na jicho la mtu. Mngeweza kusema nilijisahau, lakini sikujisahau. Nilikuwa nimeanza kulizoea neno lile, na kwa kweli nilikuwa namwonea kinyaa.

Siku ya nne bibi alitangaza mambo mawili. La kwanza, kesho yake kabla hatujaondoka, katekista atakuja asubuhi kumwombea marehemu mama wa watoto, maana kufukiwa kwenye ngozi bila sala ni jambo lililomnyima bibi usingizi. La pili, Masunga atabaki. Baba hawezi kulea mtoto mdogo na dada wa kazi huko nchi ya vumbi. Atabaki mlimani, atakua, atasoma. Baba alisema, "Sawa mama." Alisema hivyo akila ndizi. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikaona anamega, anachovya, anakula.

Asubuhi ile mlima ulifunguka. Nilitoka nje nikaukuta umesimama juu ya migomba, karibu mno, mkubwa mno, na theluji yake nyeupe hivi kwamba macho yalitoa machozi. Nilikuwa nimesubiri siku tano. Nilitaka kumkimbilia mama nimwonyeshe, lakini viti vilishapangwa uani, katekista alishakaa, majirani walikuwa wanaingia, na mama alikuwa anazunguka na sinia la vikombe.

Katekista alikuwa mzee mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alimuuliza baba jina la marehemu. Baba akakohoa, akasema, "Milembe."

Shangazi akageuza kichwa. "Kama huyu dada?"

"Ni majina ya huko," baba alisema. "Wanaitana hivyo wote."

Sala ikaanza. Katekista alimwombea Milembe asamehewe alipokosa, apokelewe, apewe pumziko. Watu waliinamisha vichwa. Masunga alikuwa mapajani kwa bibi, na hakuinamisha kichwa. Alikuwa amemwona mama. Alinyoosha mikono yote miwili, akaanza ule mlio wake wa kuomba ziwa, kwanza mdogo, halafu ukapanda. Bibi akamtikisa. Mlio ukapanda zaidi. Nikaona kifua cha mama kinalowa, polepole, mbele ya watu wote, duara mbili zikakutana zikawa moja mpaka tumboni, na maziwa yakaanza kudondoka kwenye kingo za sinia.

Mama aliweka sinia chini kwenye nyasi. Alikwenda kwa bibi, akamchukua mtoto, akakaa kwenye kiti kilichokuwa tupu, katikati ya wanaume, akafungua vifungo akamnyonyesha. Masunga alishika kwa nguvu hadi akapaliwa. Katekista alinyamaza katikati ya neno.

"Endelea, baba," mama alimwambia. "Maliza kumwombea. Marehemu ananyonyesha."

Baba alisimama akacheka, kicheko cha mtu anayetaka wengine wamsaidie kucheka. "Huyu dada ana matatizo ya kichwa," alisema. "Nilitaka kuwaambia. Alifiwa na mtoto wake huko, ndiyo maana..."

"Kabula," mama alisema.

Hakuwa amepaza sauti. Alinigeukia akiwa pale kitini, mtoto kifuani, na nyuma ya kichwa chake ulikuwa mlima wote.

"Kabula, waambie. Mimi ni nani?"

Watu wote waliniangalia. Baba aliniangalia. Na mimi nikaona kwamba sasa ndiyo siku yenyewe, macho yote yako hapa, majirani wote, na mama amejisahau anajitoa mwenyewe mafichoni, na amebaki mtu mmoja wa kumwokoa. Sikumtazama usoni. Nilitazama theluji.

"Ni dada," nilisema. "Mama alikufa."

Ninawaambia nilifikiri nilikuwa nampenda. Hilo ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba nilikuwa na sweta jipya mwilini, na nilipenda kuwa yatima wa pale.

Bibi ndiye aliyesimama. Yeye mwenyewe alikuwa amezaa wanane. Alimwendea mama, akatazama kidogo namna mtoto anavyonyonya, mkono wake mmoja umeshika kidole cha mama, jicho limefumba, kisha akavua kanga yake ya begani akamfunika kwa sababu kulikuwa na baridi. Akamgeukia baba. Hakumpiga, hakumlaani. Alisema, "Ondoka mbele yangu," na alipoona haondoki, akaondoka yeye, akaingia ndani akafunga mlango.

Bibi alimwomba mama abaki. Alimwomba jioni ile na asubuhi iliyofuata, akapiga magoti kama mama alivyompigia, na mama akamwinua, akamwambia, "Wewe hujanikosea, mama," na akaendelea kufunga nguo za mtoto. Bibi akatusindikiza mpaka stendi ya Moshi, akatupandisha basi. Baba hakuja. Kwetu Bariadi alirudi baadaye kuchukua vitu vyake, na tangu hapo amekuwa mtu wa salamu za sikukuu kwenye simu, ambazo sijibu.

Basi lilikuwa limejaa. Mama na Masunga walipata kiti cha mbele, mimi nikakaa viti sita nyuma, dirishani, kati ya watu nisiowajua. Tangu uani, mama hakuwa amenisemesha. Hakunipiga wala kunigombeza. Alinivisha viatu, akanifunga kamba, na vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi hiyo tu. Nilimwita dada nikajisahihisha, nikamwita mayu, yaani mama kwa lugha ya nyumbani, na yote mawili hakuyaitika. Basi lilipoondoka mlima ulikuwa wazi bado upande wangu, na abiria wakawa wananiegemea ili waone, wakisema jinsi Mungu alivyo fundi. Nilifunga pazia, mtu akanigombeza, akalifungua.

Tulipoipita Arusha tumbo lilianza. Nilibana. Nilibana hadi Babati. Kwenye kona za kule juu kila kitu kikatoka kwa mpigo, juu ya sweta, juu ya kiti, juu ya begi la mama mmoja na viatu vya mzee wa pembeni, na kilikuwa na mabonge meusi, au mimi niliyaona hivyo. Watu walipiga kelele. Walifunika pua, wakafungua madirisha, mmoja akasimama akisema mtoto huyu ashushwe. Utingo alikuja akiwa ameshika ndoo ya mchanga, akaniona, akarudi hatua moja.

"Huyu mtoto ni wa nani?" aliuliza basi zima.

Mimi nilikuwa na mdomo wa kusema. Sikusema. Niliangalia kisogo cha mama, viti sita mbele. Nilijua amesikia. Nilingoja aseme hamjui, na hata kwa umri ule nilijua ingekuwa haki yake, na kwamba mama akisema hivyo nitashuka pale porini bila kulia.

"Nasema huyu mtoto ni wa nani?"

Mama alikaa kidogo. Ilikuwa kidogo tu, lakini nimeishi ndani yake tangu siku hiyo. Kisha akasimama, akamfunga Masunga mgongoni vizuri, akaja akishika viti kimoja kimoja kwa sababu basi lilikuwa linayumba. Alimpokea utingo ile ndoo.

"Ni wangu," alisema, akaanza kunifuta mdomo kwa kiganja cha mkono.